Hereni Ile Juu ya Kabati, Mwanangu, Ni ya Nani?

*"Shangazi, mimi ni mtu wa mjini, napenda mvinyo na warembo, sifichi. Nyumbani hakipungui kitu: ada, kodi, matumizi, vyote nalipa. Mke wangu wa miaka 12 amekuwa mkavu, haulizi hata nimelala wapi. Juzi alikuta hereni moja kwenye mfuko wa koti langu, akaiweka juu ya kabati bila kusema neno. Je, ana mwanamume mwingine?"*

Mwanangu, pole kwa upweke. Pole yangu inaishia hapo, iliyobaki nampelekea mkeo.

Katika barua yako yote nimeganda kwenye hereni. Mwenzio kaishika, kajua si yake, kaiweka mahali unapopita kila asubuhi kuchukua shati. Wewe umeiona, ukavaa, ukatoka. Halafu unaniuliza mimi kama yeye ndiye msaliti! Unasema haulizi, na swali lake liko juu ya kabati linakutazama. Naamini huko nyuma aliuliza kwa mdomo mpaka akachoka kudanganywa. Mke anayegomba bado anakutaka. Huyu wako ameanza kukutoa moyoni, na hahitaji mwanamume mwingine kwa kazi hiyo.

Siku hizi mmeifanya ndoa kama nyumba ya kupanga: nimelipa, nisisumbuliwe. Ada inasomesha watoto, haimpi mama yao mtu wa kuzungumza naye usiku. Wazee walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Nawe huna hata haya ya kujificha, unajisifu.

Na usijifariji kwamba mvinyo ni dawa ya moyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Ila kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla peke yako. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka, hata kupata degedege, katika siku chache za mwanzo. Mwone daktari akuongoze.

Hao warembo nao wananitia hofu kwa ajili ya mkeo. Kaswende na klamidia hukaa mwilini bila dalili. Virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, mwanamume huvibeba akiwa mzima kabisa, akamletea mkewe aliyetulia nyumbani. Nenda kapime, na cha VVU urudie baada ya miezi 3, maana kipimo cha leo hakioni maambukizi ya juzi. Mpaka majibu yatoke, usimguse mkeo bila kinga, na umwambie kwa nini.

Leo rudi mapema, ukiwa hujanywa. Watoto wakilala, ichukue ile hereni kwa mkono wako mbele yake, umwambie ni ya nani. Kisha kaa, umsikilize mpaka amalize, hata kukikucha.