Hina, piko na Mfungo Tano: jibu kwa binti anayeolewa Mikindani

Binti yangu, umeeleza kwamba wewe ni Mnyaturu uliyekulia Singida, unaolewa na kijana wa Mikindani, na kwamba mawifi wamekupa masharti: usiolewe katika mwezi wa Mfungo Tano, ukae ndani kabla ya harusi, uvae gauni jeupe, na hina yako ikolee mpaka iwe nyeusi, la sivyo penzi la mumeo litakuwa jepesi. Unataka kujua lipi ni dini, lipi ni mila na lipi ni hofu tu. Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Mtwara kwa miaka mingi, na nitaanza na hina kwa sababu katika hayo yote ndiyo inayoweza kukudhuru.

Kupima mapenzi kwa ukolevu wa hina hakukuanzia Mikindani. Wahindi nao husema kwamba rangi ikitoka nzito, mume au mama mkwe atampenda sana bibi harusi, na wapo wanaomwondolea kazi za nyumbani mpaka rangi ififie. Kwa Waturuki, usiku wa hina, bibi harusi hufumba kiganja na hakifumbui mpaka mama mkwe amwekee sarafu ya dhahabu. Ninazipenda desturi hizi kwa moyo wote, kwa kuwa zinamkalisha msichana katikati ya wanawake waliomlea kabla hajaondoka kwao. Tatizo huanza rangi inapogeuzwa kuwa hukumu. Hina ya majani hutoa rangi ya chungwa siku ya kwanza, kisha huendelea kukolea kwa siku moja au mbili hadi kufikia hudhurungi, na hudhurungi iliyo nzito hupatikana viganjani na nyayoni ambako ngozi ni nene. Mgongo wa mkono haufikii hapo, hata mume awe na mapenzi ya namna gani. Nyeusi haiwi. Kinachotoa weusi kwa muda mfupi ni piko, yaani rangi ya nywele, ambayo mara nyingi ina kemikali ya PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kemikali hiyo katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hauruhusu ipakwe kwenye ngozi.

Niliwahi kuitwa kumpamba bibi harusi ambaye mchoraji mwingine alikuwa amempaka piko siku chache kabla, kwa kuwa ukweni walitaka weusi. Malengelenge yalikuwa yamefuata mchoro wenyewe, ua kwa ua na jani kwa jani, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, na ngozi iliyokuwa kati ya maua ilikuwa salama kabisa. Alikaa mbele ya wageni amefunika mikono kwa mtandio, wala hakuweza kupokea mkono wa mtu. Aliyedhurika hivyo anaweza kubaki na makovu, na mwili wake ukaikataa rangi ya nywele yenye kemikali hiyo maisha yake yote. Kwa hiyo wifi yako akileta piko, kataa kwa adabu, lakini kataa.

Ukitaka hina ikolee kihalali, unga uwe mpya na wa kijani, uchekechwe kwa kitambaa chepesi mpaka ubaki laini kama poda, uchanganywe na maji ya ndimu na sukari kidogo, kisha ufunikwe usiku kucha. Baada ya kupakwa, kaa nayo saa nyingi kadiri unavyoweza, ukiilowesha kidogo kwa ndimu na sukari ili isipukutike. Usiioshe: ikwangue, upake mafuta, na ujiepushe na maji mpaka kesho yake. Harusi ikiwa Ijumaa, upakwe Jumatano.

Kuhusu Mfungo Tano, ambao ni mwezi wa Safar, hapo ni hofu tu. Wanavyuoni wetu wa Kishafii huhesabu nguzo tano za ndoa, nazo ni mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko, mwezi haumo. Waarabu kabla ya Uislamu waliuogopa mwezi wa Shawwal, ndio Mfungo Mosi wetu, na Bibi Aisha akasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alimwoa katika mwezi huohuo. Tena ipo hadithi mashuhuri ya kukanusha mikosi, na Safar imetajwa humo. Hapa kwetu harusi nyingi hungoja minada ya korosho, inayoanza kwenye Oktoba, watu wapate fedha. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa takriban siku 11, ipo miaka ambayo Mfungo Tano huangukia katika msimu huohuo.

Kukaa ndani ni mila, nami ninaitetea. Siku hizo ndizo ngozi inasingwa kwa liwa na manjano, mwili unapumzika, na somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi, anapata nafasi ya kukaa na mwari faraghani na kumfundisha yale ambayo hayasemwi mbele ya watu. Uliza tu mapema ni siku ngapi, ili uombe ruhusa kazini.

Gauni jeupe si la dini wala la mila yetu. Lilishika Ulaya baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa mwaka 1840, ilhali kwa Wachina bibi harusi kwa desturi huvaa nyekundu, na nyeupe ni ya msiba. Vaa unachokipenda.

Kuna jambo hukuliuliza, nalo linanitia wasiwasi kuliko yote haya. Kwenu ukoo hufuata baba, lakini kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao wa huku ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, na mpaka leo mjomba ana sauti kubwa katika ndoa. Kama mchumba wako ni wa makabila haya, inawezekana sana ujumbe utakaokuja Singida uongozwe na mjomba wake, huku baba mzazi akikaa kimya au asije kabisa, na baba yako akadhani amedharauliwa, kumbe ameletewa mtu mzito wa familia. Mwombe mchumba wako amtangulize mshenga akamweleze baba yako hayo kabla ya siku ya kupeleka mahari, na kama baba yako atataka kumwona baba mzazi, asafiri pia. Safari ni ndefu na nauli si ndogo, kwa hiyo waambiwe mapema.