Mtungi kwenye mchoro, ni ishara au ni mtungi tu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na mwenzangu tumebishana kuhusu mchoro wenye mtungi na vikombe viwili mezani, basi. Yeye anashikilia kwamba mtungi ni ishara ya mwanamke, tena eti iko wazi. Mimi naona vyombo tu. Nitajuaje kama chombo kina maana ya kitamaduni au kimewekwa tu?

JIBU: Marahaba. Mwenzako hajapotea, ila ameharakisha. Mtungi peke yake hausemi kitu. Mimi mbele ya mchoro wa vyombo huwa mmbeya kwanza: jirani yake nani, umewekwa juu ya nini, ni mzima au umepasuka?

Chukua mchoro wa kikombe wa Francisco de Zurbarán, mchoraji Mhispania wa karne ya 17, uliopo katika jumba la sanaa la National Gallery, London. Ni kikombe cheupe cha maji juu ya sahani ya fedha, na ua la waridi limelazwa ukingoni mwa sahani. Nyuma giza tupu. Sasa tazama: sahani hiyo, kikombe hicho na waridi hilo vinarudi katika mchoro wake wa mwaka 1633, safari hii kando ya malimau na machungwa. Mchoraji akirudia mpangilio uleule, nami nasimama kusikiliza. Zurbarán aliishi kwa kuchorea nyumba za watawa, na Wakatoliki wa zama zake walimwita Bikira Maria waridi lisilo na miiba. Maji safi nayo yalimaanisha usafi wake. Hapo wanaosema kikombe kile kinamhusu Maria wana pa kushika.

Lakini Zurbarán huyohuyo ana mchoro mwingine, uko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid: vyombo vinne vimepangwa mstari mmoja, viwili vya pembeni vimekalia visahani. Hakuna ua, hakuna tunda. Wapo wanaotafuta dini humo pia. Mimi naona mtu aliyefurahia jinsi mwanga unavyoteleza kwenye udongo uliochomwa, na hiyo inatosha kabisa.

Ujirani ndio unaogeuza mambo. Katika mchoro wa Malaika kumpasha Maria habari uliotoka karakana ya mchoraji Robert Campin, karne ya 15, kuna birika la kunawia limening'inia ukutani na taulo kando yake. Nyumbani kwa mtu yeyote wa wakati ule ni la kunawia mikono. Ila humo yupo Gabrieli, na mezani kuna jagi lenye yungiyungi, ua la ubikira; birika nalo likaanza kusomwa hivyohivyo.

Ufa nao usiupite. Jean-Baptiste Greuze, mchoraji Mfaransa wa karne ya 18, alichora msichana aliyetundika mkononi mtungi uliotoboka, nguo zimemvurugika, maua ameyakumbatia. Watazamaji wa Ufaransa hawakuhitaji mkalimani: ubikira umepotea. Hoja ya mwenzako ingesimama hapo, kwa sababu ya tundu na yale maua.

Na Giorgio Morandi, mchoraji Mwitaliano wa karne ya 20 kutoka Bologna? Alichora chupa na makopo yaleyale miaka na miaka, mengine akiyapaka rangi yasing'ae. Ukimtafutia mafumbo utachoka bure.

Kwa hiyo mwambie mwenzako akutajie mchoraji, zama zake na waliomnunulia kazi, kisha akuonyeshe kitu kimoja mezani kinachoutetea mtungi wake. Vile vikombe viwili, kama ni vitupu na vizima, mimi sivihesabu.