Kabla chama chenu cha michikichi hakijanunua mashine

Mkipewa mashine ya kukamua mawese kesho asubuhi, tena bure, chikichi za kuilisha mtazinunua kwa fedha gani? Hilo ndilo swali ninalowauliza viongozi wa vikundi wanaonipigia simu kutoka Simbo, Ilagala na hata Buhigwe, hapa mkoani Kigoma. Wengi hunijibu kwa kunieleza mashine ina uwezo gani, imetengenezwa wapi na inatumia dizeli kiasi gani kwa saa. Sikuuliza hayo.

Nimeshika vitabu vya chama cha wakulima wa michikichi upande wa Mwandiga kwa misimu kadhaa, na nimeona vikundi vya jirani vikinunua mashine zao. Kwa mkoa wetu, kupata mashine ndiyo kazi nyepesi. Kuishibisha ndiko kunakovunja watu migongo.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei za kwenu mtaziweka wenyewe. Tuseme mashine na banda lake vimegharimu shilingi milioni 18 na mnategemea vitumike miaka 6. Hapo kila mwaka mashine imekula milioni 3, ikamue isikamue. Ongeza mlinzi na fundi, milioni 3 nyingine. Jumla milioni 6 kwa mwaka kabla hamjachemsha pipa hata moja. Mkipitisha tani 200 za chikichi, kila kilo imebeba gharama ya shilingi 30. Mkipitisha tani 40, kila kilo imebeba shilingi 150. Mashine ni ileile na fundi ni yuleyule, ila chama cha pili kimeshashindwa kumlipa mkulima bei nzuri, na kosa si la bei ya soko.

Kwa nini tani hazifiki? Viongozi husema wanachama hawana moyo wa ushirika. Mimi sikubaliani nao. Dalali anafika shambani na noti mkononi wiki ambayo shule zinafunguliwa, ananunua mavuno yakiwa bado mtini, anaondoka. Chama kinasema lete mzigo, tukiuza tutakulipa. Mama mwenye watoto wawili wa sekondari atachagua nani? Anaweza kuupenda ushirika kuliko mwenyekiti mwenyewe na bado akamuuzia dalali, kwa sababu ada haisubiri mkutano mkuu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoung'ang'ania kuliko mwingine wote: jengeni fungu la ununuzi, yaani fedha ya kumlipa mkulima chikichi zake taslimu, kabla ya kujenga banda. Ukubwa wake unapimwa hivi. Hesabuni siku tangu mkulima anapokabidhi mzigo hadi fedha ya mafuta inapoingia kwenye akaunti ya chama. Ikiwa ni wiki tatu, na kwa wiki mnanunua tani 10 kwa shilingi 400 kwa kilo (mfano tena), mnahitaji milioni 12 zinazozunguka muda wote. Mkiwa na milioni 4, wiki ya pili mnaanza kukopa chikichi, na wiki ya tatu dalali ana mzigo wenu.

Malipo ya awali si lazima yafikie bei ya dalali. Kwa uzoefu wangu mkulima anavumilia kupata pungufu kidogo, mradi iwe taslimu na iwe siku hiyohiyo, na mradi ameshaona malipo ya pili yakitolewa kweli. Hayo malipo ya pili ndiyo yanayomtofautisha mwenye chama na mteja wa kawaida: mafuta yakishauzwa na gharama zikitolewa, kinachobaki kinarudi kwa kila mtu kulingana na kilo alizoleta. Nasisitiza kilo, si ukubwa wa hisa wala ukaribu na bodi.

Faini kwa wanaouza pembeni sijaona zikifanya kazi. Nani atampeleka shemeji yake kwa mtendaji kwa mikungu sita? Dawa niliyoiona ikisaidia ni foleni. Chikichi zikifurika, mashine haiwezi kupokea za wote, na bei nje inaporomoka. Wakati huo, aliyeleta mzigo chamani kipindi cha uhaba apokelewe kwanza. Watu huielewa haraka sana kanuni hii.

Mtaji wa mashine yenyewe nao una vita yake, na ni vita ya umri zaidi kuliko watu wanavyokiri. Mzee wa miaka 70 anataka ziada yote igawiwe leo, na ana haki. Mashine itakayonunuliwa baada ya miaka mitano itamfaa nini? Kijana ambaye michikichi yake ya kisasa, Tenera, haijaanza kuzaa anataka ziada ibaki kwenye chama. Kwenye kura kila mmoja ana moja, na vyama vingi hukwama hapo au hukimbilia mfadhili. Kuna njia nyingine: kateni kiasi kidogo kwa kila kilo inayoletwa, mkiandike kwenye daftari kwa jina la mwenye kilo, kama mtaji wake ndani ya chama, na mpange lini atarudishiwa. Aliyeleta nyingi amechangia nyingi. Anayeondoka anajua chake ni kiasi gani.

Wakulima wa viazisukari wa bonde la Red River huko Marekani walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1973 walikinunua kiwanda walichokuwa wakikiuzia, American Crystal Sugar, na hisa zao zikafungwa na eneo la kulima: hisa inakupa haki ya kupeleka viazi kiwandani na pia inakulazimisha kuvipeleka. Hakuna kukumbuka chama bei ya nje ikishuka tu. Kwetu utaratibu mkali hivyo ungekuwa mgumu, maana mkulima mwenye miti ishirini hawezi kuahidi tani, lakini lile wazo kwamba umiliki ni mzigo unaouleta, wala si cheti ulichokitundika ukutani, linafaa kuazimwa.

Sasa tuje kwenye kuongeza thamani. Neno hilo kwenye semina huishia kwenye chupa na lebo. Mimi ningeanzia mbali na chupa.

Kigoma tumekamua mawese tangu enzi za mababu, kwa hiyo kukamua peke yake si thamani mpya. Fedha inayopotea iko kwanza kwenye siku za kungoja. Tumezoea kuiacha mikungu ikae siku kadhaa ili chikichi zilegee na kupukutika zenyewe. Inapunguza kazi, ni kweli. Lakini tunda likishagongwa na kuchubuka, asidi kwenye mafuta huanza kupanda, na kinachoisimamisha ni moto. Kwenye biashara ya mawese ghafi ya chakula, kikomo kinachotumika sana cha asidi hiyo ni asilimia 5. Ukivuka sana, mnunuzi wako anabaki mtengeneza sabuni, na bei anaipanga yeye. Chama kinachokubaliana na wanachama siku ya kukata na siku ya kuchemsha kinaweza kupandisha daraja la mafuta yake bila kununua chombo chochote.

Pili, makapi. Shika makapi yaliyotoka kwenye mashine, yakamue kwa mkono. Vidole vikilowa mafuta, mnatupa malipo ya pili ya watu.

Tatu ni mise, yaani kiini kilicho ndani ya kokwa la chikichi, na hapa ndipo vikundi vya akina mama vinapowashinda wanaume kwa hesabu. Mafuta ya mise yanafanana kitabia na ya nazi, yanatoa povu zuri kwenye sabuni. Mashudu yake ni chakula cha mifugo, na makaka, yale maganda magumu ya kokwa, yanarudi jikoni kuchemshia. Ila angalizo: miche ya Tenera iliyosambazwa kwa wingi tangu serikali ilipotia mkazo kwenye zao hili mwaka 2018, mingi ikitoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, ina nyama nyingi, kaka jembamba na kwa kawaida mise ndogo kuliko Dura, michikichi yetu ya zamani yenye kaka nene. Mawese yanaongezeka, mise kwa kila kilo ya tunda inapungua. Mkipanga mradi wa sabuni kwa hesabu za Dura mtakosea. (Na tafadhali, msioteshe mbegu za Tenera ya jirani. Ni chotara: hata ikichavushwa na Tenera mwenzake, karibu robo ya miche itarudi kuwa Dura, na robo nyingine itakuwa miti ambayo kwa kawaida haizai ya maana.)

Kuhifadhi mafuta mpaka bei ipande ni biashara nzuri kwa mwenye fedha iliyotulia. Mafuta yachemshwe hadi maji yaishe, yakae kwenye madumu safi yaliyojaa, mbali na jua. Lakini dumu likilala stoo miezi mitatu, fungu la ununuzi nalo limelala. Hifadhini sehemu tu, ile ambayo haizuii kulipa taslimu wiki ijayo.

Lebo, chupa na alama ya ubora ya TBS vina wakati wake. SIDO, shirika la viwanda vidogo, watawaelekeza vizuri kuliko mimi. Vikitangulia kabla ya mafuta yenye ubora uleule kila mwezi, mtauza chupa za maonyesho ya Nanenane basi.

Kuhusu vitabu sitasema mengi, ila wazee wanaouliza maswali makali mikutanoni msiwaone wakorofi. Wanakumbuka mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa kwa amri, wakaja kurudishiwa ushirika kwa sheria ya 1982. Ukaguzi wa COASCO, shirika la serikali linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, unasaidia, lakini unakuja baada ya mambo kutokea. Kila jioni andikeni kwenye ubao nje ya ofisi kilo zilizoingia, madumu yaliyotoka na bei iliyouziwa. Mwanachama apite na baiskeli yake asome.

Na kama mzigo wenu haujulikani bado, kodini mashine ya mtu kwa msimu mmoja. Mlipeni kwa dumu, mpime kila kilo inayoingia kwa mzani wenu wenyewe. Msimu ukiisha mtakuwa na tani halisi za kumwonyesha muuza mashine na afisa mikopo, na mtajua kama ile ya milioni 18 ni kubwa mno kwenu.