Sensa (kihisi) muiweke kisigino
Mdogo wangu, umeuliza kifaa chenu cha kumkumbusha mtoto anayetembelea vidole vya miguu akanyage kisigino, sensa ikae kisigino au kifundoni. Wekeni kisigino aisee, ile ya mgandamizo, chini ya soli ya ndani, akikanyaga ukinzani wake wa umeme unashuka, Arduino (kile kikompyuta kidogo cha kifaa) inasoma, asipokanyaga hatua kadhaa mfululizo kimota cha mtetemo kama cha simu kinamkumbusha. Ila msijaribie sakafuni tu, huku Mbeya ni vilima, mtoto akipanda kisigino hakigusi vizuri kitamtetemesha bure. Mpwa wangu viatu vyake vilitoboka mbele kisigino bado kipya, naumia nikikumbuka. Na akivuka miaka 2 bado anatembelea vidole daktari amwone kwanza, pengine misuli ya nyuma ya mguu imekaza.