Uliza Fundi: Boti ya faiba ya zamani, niingie au niache?

*Shikamoo fundi. Niko Sahare hapa Tanga, nimepata boti ya faiba ya futi 23, ya zamani, jamaa anataka milioni tatu na nusu bila mashine. Rangi imechoka na chini ina malengelenge ila mwenyewe anasema bodi ngumu, inataka rangi tu. Nataka nifunge mashine ya farasi 40 nitoke na mishipi. Niingie?*

Marahaba mwanangu. Hayo malengelenge yanatisha macho tu, ni maji yamepenya kwenye jelikoti (ile ngozi ya nje inayong'aa) yakakaa, unayapasua, unasaga, unaosha na maji ya bomba mpaka chumvi iishe alafu unaacha ikauke wiki kadhaa ndo unaziba. Shida yako iko kwingine. Faiba yenyewe haiozi, ila ule ubao wa tezi, yani nyuma ya boti inapofungwa mashine, una plaiwudi katikati, na mataruma (mbavu za boti) chini ya sakafu mara nyingi nayo yana mbao ndani, sasa mtu akitoboa tundu la bolti asizibe vizuri maji yanaingia humo yanakaa miaka na miaka, nje unaona boti safi kumbe ndani ni uji.

Nenda na nyundo ndogo, gonga tezi yote pole pole. Penye uzima sauti inakuwa kavu na kali, penye kuoza inakuwa nzito imefifia. Kama bado kuna mashine yoyote imefungwa inyanyue, kamata mguu wake ukandamize chini, tezi ikicheza ushajua. Alafu muombe ruhusa utoboe kwa ndani na drili nyembamba, unga ukitoka mkavu mweupe poa, ukitoka mweusi umelowa basi mbao imeoza (akikataa usitoboe, na hilo nalo ni jibu). Sakafuni tembea, ruka ruka, pakibonyea ujue mbao au foma (lile povu gumu) ya chini imeshakunywa maji.

Tezi peke yake ikiwa mbovu inatengenezeka, ila bei ishuke, milioni tatu na nusu mimi sitoi. Na mataruma nayo yakiwa yameoza achana nayo, utanunua resini (ile gundi ya faiba) mpaka uchoke.

Ukiingia kazini, kata ngozi ya ndani, toa mbao zote mbovu mpaka ukutane na kavu, weka plaiwudi ya marini, mikeka ya faiba ipande pembeni. Kwenye kuunga saga mteremko mara 12 ya unene, yani faiba ya milimita 5 unasaga sentimita 6, watu wanasaga vidole viwili wanasema inatosha alafu kiraka kinabanduka baharini. Hadina, yani dawa ya kugandisha resini, ni asilimia 1 mpaka 2, kwa joto letu kaa kwenye 1, gramu 10 kwa kilo ya resini, na fanya asubuhi maana mchana inaganda kwenye ndoo. Kama resini yako inauzwa na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) pembeni, koroga kobalti kwenye resini kwanza, hadina baadaye, USICHANGANYE hizo mbili zenyewe kwa zenyewe, zinalipuka. Miwani lazima, hadina ikiingia jichoni inaweza kukupofua.

Na karatasi za TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, uzione kabla hujatoa hela.

*Fundi, mimi wa Bagamoyo. Nimeziba boti kwa epoksi, naweza kupiga jelikoti juu yake?*

Hapana ndugu yangu, jelikoti ya kawaida juu ya epoksi (resini ya aina nyingine) haishiki vizuri, mara nyingine haigandi kabisa inabaki inanata. Epoksi umefanya vizuri kuichagua maana inashika faiba ya zamani kuliko resini ya kawaida, sasa malizia na rangi ya kuchanganya ya kopo mbili. Ila kabla ya msasa osha na maji na spanji, epoksi inatoa mafuta mafuta juu ikiganda, ukipiga msasa hujaosha unayasambaza tu na rangi itakuja kutoka.