Wali uliolala kwenye hotpoti: kupasha hakuondoi sumu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, kazi yangu iko Kariakoo. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku, kwa hiyo nimeanza kupika Jumapili chakula cha mpaka Ijumaa: maharage, rosti ya nyama na wali. Friji ninayo, ndogo, yenye friza juu, ila umeme hukatika. Nikimaliza kupika usiku naacha masufuria jikoni yapoe, asubuhi ndiyo naingiza kwenye friji. Mama mkwe anasema chakula kikichemshwa kila usiku hakiwezi kuharibika. Jumatatu iliyopita mwanangu alikula wali uliolala kwenye hotpoti. Haukuwa na harufu, niliupasha ukawa wa moto kabisa, lakini hayakupita masaa mawili akaanza kutapika. Sasa kuna mtu mtandaoni ananiuzia unga mweupe wa kuhifadhi chakula, kijiko kimoja kwa sufuria, eti hata friji haihitajiki. Niununue? Na nikichemsha vizuri, si vijidudu vyote vinakufa?

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa mtoto. Unga huo usinunue, nitaueleza mbele. Acha nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo ninalokutana nalo kila mahali, kwa mama lishe, kwa wapishi wa shule, kwa wanaopika pilau za harusi. Nikichemsha vizuri, si vinakufa vyote? Havifi vyote. Na hata vikifa, chakula bado kinaweza kumlaza mtu hospitali.

Mchele hutoka shambani na bakteria wa udongoni anayeitwa Bacillus cereus. Bakteria huyu ana namna ya kujifungia ndani ya ganda gumu, spora, na spora hiyo inastahimili kuchemka. Wali ukiiva, spora zimo humo, zimetulia. Ukianza kupoa ukawa vuguvugu, zinaamka, zinazaliana na kutema sumu ndani ya wali. Sumu hiyo ndiyo inayotapisha, kati ya nusu saa na masaa sita baada ya kula. Kwenye maabara imepashwa kwa nyuzi 121 kwa dakika 90 na haikuvunjika. Maji ya jikoni kwako yanachemkia nyuzi 100. Siwezi kumpima mtoto kwa barua, lakini ulichoeleza ndivyo sumu hii inavyokuja: wali wa jana, umepashwa ukawa moto, hauna harufu, na kutapika kukaanza mapema. Ulipoupasha uliwaua bakteria. Sumu ilibaki palepale.

Hotpoti ni chombo kizuri kwa chakula kitakacholiwa baada ya saa moja au mbili. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke haraka. Lakini joto la chakula likishuka chini ya nyuzi 60, hotpoti inalizuia lisishuke zaidi, na hapo kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5 ndipo bakteria wanapostawi. Wali uliofungwa humo saa 3 usiku ukafunguliwa alfajiri umekaa kwenye uvuguvugu usiku kucha. Ingekuwa afadhali ungeumwaga kwenye sinia ukapoa upesi.

Rosti na maharage yana mwenyeji mwingine, Clostridium perfringens. Naye ana spora, na anapenda mahali pasipo hewa, yaani chini kabisa kwenye mchuzi mzito. Kwenye nyuzi 43 hadi 47 anaweza kuongezeka mara mbili kila dakika 10. Piga hesabu: bakteria mmoja baada ya saa moja ni 64, baada ya masaa mawili ni zaidi ya 4,000, baada ya matatu ni zaidi ya 260,000. Wewe unaacha sufuria tangu usiku mpaka alfajiri. Huyu analeta tumbo la kukata na kuharisha masaa 6 hadi 24 baadaye, ndiyo maana watu wanaulaumu muhogo wa kukaanga walioula mchana na kulisahau sufuria la nyumbani. Tofauti na yule wa wali, ambaye sumu yake hubaki hata akifa, huyu ukichemsha mchuzi mpaka katikati unamuua kweli, ingawa spora zake zinabaki. Ila watu wengi wanapasha mpaka pembeni pachemke, katikati pako vuguvugu, wanapakua.

Halafu kuna bakteria wa mikononi mwetu, Staphylococcus aureus, anayekaa puani, kwenye ngozi, kwenye kidonda cha kidole. Akiingia kwenye nyama iliyoiva tayari, nyama ikakaa nje, anatoa sumu ambayo nayo haivunjwi kwa kuchemsha. Kwa hiyo usichambue nyama iliyoiva kwa mikono ambayo hujainawa kwa sabuni, na usionje kwa mwiko kisha ukaurudisha sufuriani.

Mama mkwe wako mheshimu, na usibishane naye mbele ya watoto. Alichokiona yeye kilikuwa kweli kwa jiko lake. Chungu kilibaki juu ya mafiga yenye makaa, joto halikushuka, nyumba ilikuwa na walaji wengi, na kilichobaki kililiwa asubuhi kama kiporo kikaisha. Hakuna aliyekula sufuria moja siku tano. Wewe unazima gesi, sufuria inapoa, unapasha, inapoa tena, na kila mzunguko unawapa bakteria masaa mengine ya kuzaliana.

Kwa hiyo kinachoamua usalama wa chakula chako cha wiki ni muda unaopita kati ya kuzima jiko na chakula kuwa baridi. Usizidi masaa mawili nje ya friji, na kwa joto la Dar es Salaam mimi nasema hata mawili ni mengi. Sufuria kubwa la maharage yaliyojaa haliwezi kupoa kwa muda huo likiachwa lenyewe, hata ufungue madirisha yote. Gawa. Mimina kwenye vyombo vipana, kina kisizidi vidole vitatu, au weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ukoroge na kubadilisha maji yakipata joto. Zile pakiti za barafu zinazouzwa mtaani zinafaa sana humo, nje ya sufuria lakini, zisiingie kwenye chakula. Mvuke ukiisha, kikiwa bado na uvuguvugu kidogo, funika uingize kwenye friji. Wengi wanaamini chakula kisipopoa kabisa kitaharibu friji au kitachacha. Sufuria zima la moto litapasha joto vitu vya jirani, hilo ni kweli. Vyombo vidogo vilivyokwisha kutoa mvuke havina tatizo, na imani hiyo imeacha masufuria mengi yakilala nje.

Sasa ratiba yako. Sikushauri upike wali wa siku tano. Wali unaiva ndani ya nusu saa, upike siku ileile, na ukibaki ingiza friji mapema na umalize kesho yake. Ugali hali kadhalika. Kazi ya Jumapili iwe ile inayokula muda na gesi: maharage, nyama, sosi, kisamvu.

Maharage yaloweke usiku wa Jumamosi, asubuhi mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa maji mapya. Yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 mwanzoni kabla hujapunguza moto, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili inayovunjwa na moto mkali na haivunjwi na moto wa kuvizia. Yakiiva usiyaunge. Yagawe kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja, vya Jumatatu hadi Jumatano vikae kwenye friji, vya Alhamisi na Ijumaa viende friza. Utaunga siku ya kula, na tui la nazi uliweke siku hiyohiyo. Tui ni tamu kwa bakteria kama lilivyo kwetu, na maharage yaliyotiwa tui Jumapili sitegemei yafike Jumatano.

Nyama ichemshe iive, igawe, igandishe pamoja na supu yake. Sosi ya vitunguu, nyanya, karoti na hoho pika kwa wingi, ndiyo itakayokuokoa saa 2 usiku: nyama moja kutoka friza, sosi vijiko kadhaa, dakika 15 rosti iko mezani. Kisamvu kitwange na kukichemsha vizuri mpaka kiive kabisa, kisha kigandishe. Kinakaa vizuri mno kwenye friza. Mchicha na matembele chambua, osha, kausha maji, funga kwenye kitambaa safi, weka chini kwenye friji upike ndani ya siku mbili tatu. Chapati unaweza kuzichoma nusu, ukazipoza na kuzigandisha.

Kwenye friji, chakula kilichoiva kisizidi siku tatu au nne. Cha friza kishushe kwenye friji usiku uliotangulia, usikiache juu ya meza kuyeyuka kutwa. Pasha kiasi cha mlo huo tu, kichemke mpaka katikati huku unakoroga, na kikibaki mezani usikirudishe kwa raundi ya tatu. Na vyombo viwe vya chakula. Ndoo ya rangi haiwi chombo cha chakula hata uioshe kwa maji ya moto wiki nzima.

Umeme ukikatika, usifungue. Friji iliyofungwa huhifadhi ubaridi kama masaa manne. Friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili, iliyojaa nusu siku moja, ingawa hiyo ndogo iliyo juu ya friji yako usiitegemee kiasi hicho. Jaza nafasi zilizo wazi kwa chupa za maji uliyoyagandisha. Umeme ukirudi, nyama ambayo bado ina barafu ndani inaweza kugandishwa tena. Iliyolainika na kupata uvuguvugu itupe. Najua bei ya nyama, na bado nasema itupe.

Nije kwenye unga. Sijui ni kitu gani, na wewe hujui, na nina shaka hata anayeuza anajua. Vihifadhi halali vipo, na kila kimoja kina chakula chake na kipimo chake. Chukua benzoeti ya sodiamu, inayotumika kwenye juisi na sosi za chupa: inafanya kazi kwenye chakula chenye uchachu, na maharage hayana uchachu, kwa hiyo hata ungekuwa ni benzoeti halisi, kijiko kizima kingekuharibia chakula na bakteria wangeendelea na maisha yao. Kinachouzwa kwenye kifuko kisicho na jina, kisicho na alama ya ubora ya TBS wala tarehe, kimenuiwa kukupa ujasiri wa kula kitu kilichokwisha kuharibika. Hilo linanikera kuliko uchafu wowote wa jikoni, kwa sababu mwenye jiko chafu angalau huwa ana wasiwasi.

Hali ni hiyohiyo kwa wanaotia vidonge vya panadol kwenye nyama au maharage yalainike upesi. Hiyo ni dawa yenye kipimo kwa kilo za mwili, na ikizidi inaharibu ini. Mpishi anayeitia sufuriani anamnywesha dozi mtoto, mjamzito na mzee bila kuwauliza. Kipande cha mkaa kwenye mchuzi uliochacha kinaweza kupunguza harufu, na hapo ndipo hatari ilipo, maana harufu ilikuwa onyo lako na umeliondoa.

Na kwa kuwa una watoto, nadhani asubuhi wanakunywa uji wa lishe. Angalia mahindi na karanga zinazosagwa humo. Ukungu wa nafaka unatoa sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi, uchemshe uji saa nzima ukipenda. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 iliua 125. Walikuwa wamepika, tena wakaivisha. Chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu kabla ya kupeleka mashineni, kataa karanga zilizosinyaa hata kama ni za bei ya chini, na hizo ulizozitoa usimpe kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hiyo hupita ikaingia kwenye maziwa.