Chapati na dengu kwenye nchi ya jibini

Aliyeanzisha uzi ameuliza: mliokaa ughaibuni, ni chakula gani cha kigeni mlichokikuta mahali msipokitarajia kabisa? Wengi mmetaja London na Dubai. Huko sishangai, kila taifa lina mgahawa wake. Mimi nawapeleka Italia, tena si Roma wala Milano, bali Novellara, mji mdogo wa mkoa wa Reggio Emilia, kwenye tambarare ya mto Po. Nilikuwa nasoma Reggio Emilia mjini, na kutoka hapo hadi Novellara ni mwendo mfupi kwa treni ya shamba.

Huko ndiko linakotoka jibini la Parmigiano Reggiano. Gurudumu moja lina uzito wa kilo 40 hivi na linakula maziwa yapatayo lita 550. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, na ng'ombe hajui Krismasi wala Pasaka. Vijana wa Kiitaliano waliikimbia kazi hiyo, na kuanzia miaka ya 1980 na 1990 wakaishika Wapunjabi, wengi wao Kalasinga waliokulia kwenye mashamba na mifugo. Mwaka 2000 hekalu lao, gurudwara, lilifunguliwa pale Novellara, pembezoni mwa mji, upande wa viwanda.

Mimi nilipelekwa na mwanafunzi mwenzangu, Mpunjabi aliyezaliwa huko huko na anayeongea Kiitaliano cha kijijini kuliko Waitaliano wa darasani kwetu. Aliniambia tu, "Jumapili usipike."

Unavua viatu, unafunika kichwa (asiye na kitambaa atapewa mlangoni), unanawa mikono. Kisha mnaketi chini kwa safu juu ya mkeka mrefu, mwenye mali na asiye nacho bega kwa bega, kila mtu na sahani yake ya chuma iliyogawanywa vyumba. Vijana wanapita na ndoo: huyu anakuchotea dengu, yule koliflawa na viazi vya bizari, mwingine mtindi. Wa chapati akifika humnyoshei vidole viwili, unakinga viganja vyote viwili naye anakutilia. Mwisho achari ya embe, yenye mafuta na haradali nyingi kuliko tunayonunua Marikiti, lakini jamaa yake kabisa. Nilikaa kimya nikala. Ukimaliza wanarudi tena na ndoo, na ukitaka kuacha lazima ufunike sahani kwa mkono, la sivyo utaongezwa.

Chapati yao si yetu. Haina tabaka na haikaangwi. Ni unga wa atta, yaani ngano isiyokobolewa, na maji, inapikwa juu ya bamba kubwa la chuma hadi ivimbe, ndipo inapakwa samli. Mimi wa chapati za kusukuma na kukunja bado naipa yetu ushindi. Ila kwenye chai nasalimu amri: maziwa, iliki na tangawizi vimechemshwa pamoja sufuriani mpaka rangi imekolea. Italia ukiagiza chai mgahawani unaletewa maji ya moto, kijifuko cha majani na kipande cha limau.

Wote hula bure, hata asiye wa dini yao. Anayesafiri barabara ya Mombasa na Nairobi hahitaji kuelezwa hili, kwa sababu gurudwara ya Makindu inalisha wasafiri hivyo hivyo tangu enzi za Kalasinga wa reli. Lakini Makindu ina historia tunayoijua. Novellara, baina ya mabanda ya ng'ombe na ghala za jibini, nani angeitafuta chapati?

Kuna jambo moja lilinichekesha. Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa kwenye tumbo la ndama. Kwa hiyo Kalasinga asiyekula nyama kabisa anaweza kuamka saa tisa za usiku kukamua maziwa ya jibini ambalo yeye mwenyewe halitii kinywani.

Na Waislamu wenzangu mtakaofika huko, mtawekewa mezani kitu kiitwacho gnocco fritto, kimevimba na kina rangi ya dhahabu, kama mahamri yasiyo na sukari. Kwa asili hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Ulizeni kwanza.

Kwenye uzi huu yupo aliyetaja injera, ile mikate mipana, laini na michachu ya Waeritrea na Waethiopia. Yuko sahihi, Milano imejaa. Shukeni metro kituo cha Porta Venezia, mzunguke mitaa ya nyuma, mtakuta migahawa ya Waeritrea imepangana. Eritrea ilikuwa koloni la Italia tangu 1890 hadi 1941, na wengi walikuja baadaye, wakati wa vita vya kudai uhuru kutoka Ethiopia. Kitoweo chao cha nyama na pilipili, kwenye menyu huandikwa zighinì, ni kizuri sana, na inapendeza kuwaona Waitaliano wa suti wakimega kwa mkono. Lakini hicho nilikitarajia, ndiyo maana sikukiweka juu.

Kwa atakayetaka kwenda Novellara: mwezi wa Aprili wana sikukuu ya Vaisakhi, wanaandamana mjini na chakula hugawiwa njiani, umati ni mkubwa. Ukitaka utulivu nenda Jumapili ya kawaida, saa sita mchana hivi. Beba kitambaa chako cha kichwa, acha sigara na pombe nyumbani, wala usiingie na tumbaku mfukoni. Ukishiba uliza jikoni kama kuna kazi. Mimi nilipewa sahani za kuosha, na hapo ndipo nilipofahamiana na watu. Unga wa atta, dengu na iliki utavipata kwenye maduka ya karibu na stesheni ya Reggio Emilia. Wa ugali nao wasikate tamaa: tafuteni unga wa mahindi wa polenta (ugali wa Waitaliano), ule mweupe uliosagwa laini. Wa njano uliosagwa kwa chengachenga utawasumbua bure.